Hanang, Bukoba na swali la nani alikosea

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang, kaskazini mwa Tanzania, vikaingia Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani, watu wengi wakiwa bado majumbani. Waliokufa walizidi 80. Miili ilikuwa bado inatafutwa, na kwenye daladala niliyopanda mama mmoja akasema kwa sauti ya huruma kabisa, "Mungu amechoka na sisi." Kijana aliyekaa dirishani akamjibu, "Malipo ni hapa hapa duniani, mama." Nusu ya gari ikatikisa kichwa kukubali.

Mimi ni mtu wa dini na siandiki haya kubishana na Mungu. Naandika kwa sababu namfikiria mfiwa wa Katesh aliyezika watoto, halafu anayasikia maneno hayo. Ameshapoteza nyumba na familia, na sasa anaambiwa kuwa kuna kosa alilotenda.

"Mungu amewaadhibu"

Tuanze na mlima wenyewe. Hanang una urefu wa zaidi ya mita 3,400 na ni volkano iliyolala. Siku ile haikuamka, ingawa uvumi huo ulienea haraka. Wataalamu wa serikali waliopanda kuchunguza walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua mpaka ikazidiwa uzito, ikameguka na kugeuka tope. Tope hilo lilifuata mikondo ya maji likizoa kila kitu njiani. Mvua za mwaka ule nazo zilikuwa na chanzo chake: El Niño, pamoja na joto kubwa lisilo la kawaida upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutahadharisha tangu Agosti.

Najua jibu litakalofuata: mbona Nuhu, mbona Sodoma? Simulizi hizo zimo kwenye Biblia na kwenye Kurani, na sizifuti. Ila humo alitangulia mjumbe aliyetumwa kuonya na kutaja kosa. Mimi na wewe hatukutumiwa ufunuo kuhusu Katesh. Tukisema tunajua sababu ya Mungu, tunajipa utume ambao hatukupewa.

Vitabu hivyo hivyo vinatukataza kurukia hukumu. Katika Luka sura ya 13, Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, kisha anawauliza wasikilizaji wake kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu. Anajibu mwenyewe: sivyo. Rafiki zake Ayubu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walikaa naye kimya siku saba, na hapo walikuwa faraja. Walipofungua midomo kumtafutia dhambi, mwisho wa kitabu Mungu akawakasirikia wao.

Kwa upande wa Uislamu, jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume Muhammad. Watu wakasema jua limemlilia mtoto. Baba aliyekuwa kwenye msiba angeweza kunyamaza akayaacha maneno hayo matamu yapite. Hakunyamaza: akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, na havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Tena Hadithi mashuhuri inamhesabu aliyekufa maji na aliyeangukiwa na jengo kuwa miongoni mwa mashahidi, yaani wafia dini. Yaani yule tunayemwita mlaaniwa, dini inampa cheo.

"Ni karma"

Neno hili vijana wanalitumia sana siku hizi, kana kwamba ni jina jipya la malipo ni hapa hapa. Hata India, liliko na mizizi yake, jambo hili liliwahi kuwagawa wakubwa wawili. Tarehe 15 Januari 1934 tetemeko kubwa liliipiga Bihar na kuua zaidi ya watu 10,000. Gandhi alitangaza kwamba ni adhabu ya Mungu kwa dhambi ya kuwatenga watu walioitwa wasioguswa. Nia yake ilikuwa njema, maana alikuwa akipigania haki yao. Mshairi Rabindranath Tagore, aliyemheshimu sana, alimpinga waziwazi: janga la asili lina chanzo cha asili, na hoja ya namna ile inawafaa zaidi wapinzani wa Gandhi kuliko Gandhi mwenyewe. Na kweli, walioutetea utengano nao wangeweza kusema Mungu amekasirishwa na Gandhi. Gandhi aliichapisha barua hiyo katika gazeti lake, pamoja na majibu yake.

Hapo ndipo ubovu wa hoja unapoonekana. Kila mmoja anaweza kuivuta kwake, na aliyekufa hana nafasi ya kujitetea. Chini ya Bihar, bamba la ardhi la India linaisukuma Asia, na msukumo huo ndio ulioinua Himalaya.

"Mbona msikiti ulibaki umesimama?"

Baada ya tsunami ya 26 Desemba 2004, picha za Aceh, Indonesia, zilionyesha misikiti imesimama peke yake katikati ya vifusi. Wengi waliona ni muujiza, na siwezi kumnyang'anya mtu shukrani yake. Wahandisi waliona kitu kingine: nguzo nene na ukumbi wa chini ulio wazi, ambao maji yalipita bila kukuta ukuta wa kusukuma. Lisbon mwaka 1755 mambo yalikuwa kinyume. Tetemeko lilipiga asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yamejaa, na mengi yakawaangukia waumini.

"Ajali haina kinga"

Kuna wanaokataa habari za adhabu, halafu wanakwenda upande wa pili: ni bahati mbaya tu, hakuna la kufanya. Dhana hii nayo ni ya uongo, na kwa maoni yangu inaua watu wengi zaidi.

Ni kweli hakuna anayeweza kukutajia siku na saa ya tetemeko. Lakini mahali tunapajua. Januari 2010 Haiti ilipigwa na tetemeko la kipimo cha 7.0, wakafa watu zaidi ya 100,000. Mwezi uliofuata Chile ilipigwa na la 8.8, lenye nguvu mara mamia kuliko lile, na waliokufa walikuwa mamia kadhaa. Mhubiri mmoja wa Marekani alisema kwamba Wahaiti walifanya agano na shetani. Tofauti ilikuwa kwenye nondo, zege na sheria za ujenzi ambazo Chile ilizisimamia kwa miaka mingi, na kwenye kina na mahali tetemeko lilipotokea: la Haiti lilipiga karibu kabisa na mji mkuu.

Tsunami ile ya 2004 ilichukua saa nyingi kuvuka bahari hadi kwetu. Kenya watu waliondolewa ufukweni, akafa mmoja. Somalia, ambako hapakuwa na serikali ya kuwaonya wavuvi, walikufa karibu 300. Kule Mai Mahiu, Kenya, usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, mafuriko yalizoa makumi ya watu. Wizara ya Maji ilieleza kuwa maji yalijikusanya nyuma ya handaki la mto chini ya reli, lililozibwa na takataka, mpaka yakapasua. Ukisema ni laana, hutauliza nani alipaswa kulizibua. Ukisema ni bahati mbaya, hutauliza pia.

Nimeyaona haya kwa macho yangu Kagera. Tetemeko la 10 Septemba 2016, kipimo 5.9, liliua watu kadhaa na kubomoa maelfu ya nyumba Bukoba na wilaya za jirani. Kagera iko pembeni mwa mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, ardhi inayotanuka kidogo kidogo kila mwaka. Nilipofika kwa mjomba, ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa umelala chini mzima. Tofali zilikuwa za kuchoma, nzuri, nyingi hazikuvunjika hata pembe. Niliokota mbili zilizokuwa bado zimeshikana, nikazivuta, zikaachana bila nguvu, na udongo uliozishika ukamwagika mkononi kama unga. Simenti ilikuwa juu tu, kwenye lipu. Jirani, hatua 20 kutoka hapo, alikuwa na linta, yaani mkanda wa zege juu ya kuta, kuzunguka nyumba nzima. Kwake ulipatikana ufa mmoja juu ya dirisha.

Watu waliokuja kutoa pole walimwambia mjomba amrudie Mungu. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Aliwasikiliza wote kwa adabu, akawashukuru, wakaondoka. Kisha akamwita fundi, akampeleka kwa jirani, akamwonyesha ile linta kwa fimbo yake, akauliza inahitaji mifuko mingapi.