Amepimwa umeme wa ubongo, hajapimwa akili

Wiki iliyopita shemeji, mke wa kaka yangu, alinionyesha daftari la binti yake wa darasa la pili. Chini ya hesabu, kwa kalamu nyekundu, mwalimu kaandika: "Anazubaa mno. Apelekwe akapimwe akili." Alipelekwa hospitali, daktari akamwandikia EEG, na tangu hapo ukoo mzima unasema mtoto "kapimwa akili". Bibi mmoja alishauliza kapata ngapi. Nimeinyamazia kauli hii kwa miaka, lakini hilo la "kapata ngapi" limenishinda.

EEG, kwa jina lake refu elektroensefalogramu, ni mchoro wa umeme mdogo unaotoka kwenye seli za ubongo, ukidakwa na vidude vya chuma viitwavyo elektrodi vinavyobandikwa juu ya ngozi ya kichwa. Mashine haimtii mtu umeme. Inaudaka tu ule alionao. Nao ni kiduchu: hupimwa kwa sehemu za milioni za volti, mara nyingi kati ya 10 na 100, wakati betri ndogo ya redio ina volti 1.5. Picha haipigwi hapo. Picha ni kazi ya CT scan na MRI. Maana ndiyo hiyo, haina zaidi.

Utamu uko kwenye jina. Ni la Kigiriki, vipande vitatu. Gramma ni kilichoandikwa. Enkephalos ni kilichomo kichwani. Na elektron ni kaharabu, ile ya shanga na tasbihi, ambayo ukiisugua kwa kitambaa huvuta nyuzi na vumbi. Sisi kaharabu tumeipata kwa Waarabu, nao kwa Waajemi, ambao kwao maana yake ni mnyang'anyi wa majani makavu, kwa kule kuyavuta. Waarabu nao wakalichukua neno lilo hilo wakauita umeme, kahraba. Kwa hiyo jamaa zetu wa Muscat wakisema kahraba imekatika, wametumia jina la kaharabu kama alivyotumia mzungu wa maabara. Jiwe ni lile lile.

Aliyeunganisha vipande hivyo ni Hans Berger, daktari wa mji wa Jena, Ujerumani. Mchoro wa kwanza wa binadamu aliupata 1924 akaukalia hadi 1929 ndipo akautangaza. Kichwa kimoja kati ya alivyopima kilikuwa cha mwanawe. Aliona kwamba mtu akifumba macho na kutulia, hujitokeza mawimbi kama 10 kwa sekunde. Akifumbua, au akipewa hesabu ya kichwa, yanafifia. Angalia vizuri alichokiona: kwamba ubongo umeshughulika. Kama hesabu imepatikana au imekosewa, mawimbi yale hayasemi.

Sasa akili. Hili nalo la Kiarabu, na shina lake ni kumfunga ngamia mguu asizurure. Humo humo imetoka ikali, ile kamba nyeusi wanayozungushia vilemba wanaume wa Ghuba. Akili basi ni kamba: kujizuia, kupambanua, kujua lipi litangulie. Ubongo hatukuuazima kwa mtu. Waganda wanasema obwongo, Wanyarwanda ubwonko, wasemaji wa Lingala bongo. Wabantu walikijua kitu chenyewe kabla ya jahazi lolote kutia nanga pwani. Kwenye supu ya kichwa cha mbuzi unakula ubongo. Akili ya mbuzi huipati, hata ulambe bakuli.

Tena "kupima akili" tayari ina wenyewe wawili. Mahakama ikiamuru mshtakiwa akapimwe akili, daktari wa magonjwa ya akili atamhoji na kumchunguza. Na pale Paris, 1905, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga maswali ya kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni. Huko ndiko kunakotoka habari za "kapata ngapi". Vyote viwili vinamtaka mtu ajibu. EEG inaweza kufanywa mtu amelala fofofo.

Binti yetu alikuwa amesukwa twende kilioni, mpya, ya siku mbili. Ikafumuliwa yote, kichwa kikaoshwa bila tone la mafuta, shemeji akinung'unikia pesa ya msusi. (Marekani, Arnelle Etienne na wenzake wamebuni elektrodi zinazokaa kati ya mistari ya misuko kama hiyo, tena wanasuka makusudi ili njia zipite panapotakiwa. Hatujabahatika.) Fundi akapima kwa futi kama ya cherehani, kutoka shina la pua, kati ya macho, hadi kinundu cha kisogo, akatia alama kwa asilimia 10 na 20, utaratibu wa tangu 1958, akabandika vidude 21. Akili ni nywele, walisema wazee. Siku ile nywele ndizo zilizokuwa kikwazo.

Kisha binti akapewa kitiara cha karatasi apulize, dakika tatu. Dakika ya pili akaacha. Macho wazi, hayatazami kitu. Kwenye kioo mistari yote ikaruka pamoja, ncha na wimbi, ncha na wimbi, mara tatu kila sekunde. Zikapita sekunde nane. Mistari ikatulia, naye akaendelea kupuliza kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hiyo ni kifafa cha kuzubaa, na mchoro wake unajulikana tangu 1935. Huweza kuja makumi ya mara kwa siku, na kila kikija mtoto anapoteza nusu ya sentensi ya mwalimu. Neno "anazubaa", basi, mwalimu alilipata sawasawa.

Usitegemee EEG ikupe jibu kama hilo kwa kila shida ya kusoma. Disleksia, ule ugumu wa kusoma na kuandika, haionekani hivyo. Watafiti wa Jyväskylä, Finland, walifuatilia watoto tangu kuzaliwa, wengine wa koo zenye tatizo la kusoma, wakawasikilizisha silabi zinazojirudia na moja inayochomoza, wakakokotoa wastani wa jinsi ubongo ulivyoitikia. Makundi yalitofautiana tangu uchanga. Lakini ni makundi. Mchoro wa mtoto mmoja haukwambii atasoma au hatasoma. Kwa watoto wasiotulia, Marekani iliruhusu 2013 kifaa cha kulinganisha aina mbili za mawimbi kimsaidie daktari, na 2016 chama cha madaktari wa neva wa huko huko kikashauri kisitegemewe. Anayekuuzia "ramani ya ubongo" ya mwanao, muulize kwanza hilo.

Shemeji alitaka kujua amjibu nini mwalimu. Tuliandika chini ya wino mwekundu, kwa adabu: "Mwalimu, shikamoo. Amepimwa umeme wa ubongo, na ameanza dawa. Akinyamaza ghafla katikati ya imla, tafadhali mrudie neno."