Taja bei ukishakagua mtutu: kwa wenye bunduki za marisau Mtwara na Lindi

Minada ya korosho ikifunguliwa na fedha zikaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, kwenye dawati letu la ukaguzi wa silaha nako huanza kuingia malalamiko ya aina moja. Mnunuzi analalamika kwamba ametajiwa bei ya bunduki mpya kwa mtutu ulioliwa na kutu. Muuzaji naye analalamika kwamba ameahidiwa fedha za kumdhalilisha, wakati silaha ile aliinunua kwa jasho lake na imemlindia shamba dhidi ya nguruwe pori miaka yote. Wote wawili huja kwetu wakidhani tuna orodha ya bei ukutani. Hatuna. Tulicho nacho ni macho yaliyozoea kutazama mitutu, na leo nataka kuwaeleza tunachokitazama.

Naandika kwa wenye leseni. Mwenye silaha isiyosajiliwa hana cha kuuza, na habari ya bei haimhusu. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha, na Jeshi la Polisi limekuwa likitangaza vipindi vya kusalimisha kwa hiari. Anayesalimisha ndani ya kipindi kilichotangazwa anaepuka kushtakiwa, halipwi. Nasema hivyo kwa sababu bado wanakuja watu na magobore ya mababu wakiuliza serikali inatoa kiasi gani.

Sasa jambo linalonichosha kuliko yote, na naomba mnivumilie nikilisema kwa kirefu. Mtu anataja bei, nikimuuliza mbona kubwa, ananijibu, "Nauza pamoja na leseni yake." Leseni haiuzwi. Leseni ni ya mtu kwa silaha ile. Haihami na bunduki kama kifuniko kinavyohama na sufuria. Anayenunua ataomba yake tangu mwanzo. Ataanza na serikali ya kijiji au mtaa wake, maombi yatapita polisi wilaya, yatajadiliwa kwenye Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya, yatakwenda mkoani, ndipo yafike kwa Msajili wa Silaha. Atatakiwa pia kuonyesha kwamba anajua kuitumia silaha kwa usalama. Akikataliwa katika hatua yoyote, hakuna mauzo. Kwa hiyo ukiongeza laki tano kwenye bei "kwa ajili ya leseni", unauza kitu ambacho huna.

Na mpaka kibali kitoke, bunduki inabaki mikononi mwa mwenye leseni. Usipokee malipo ya awali ukamwachia mwenzako "aanze kulindia shamba huku makaratasi yakifuatiliwa". Maneno hayo nimeyasikia kutoka kwa watu waungwana kabisa, majirani wanaoaminiana. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya mwaka 2015, kinachokataza kumiliki silaha bila leseni, hakipimi uungwana. Kumiliki silaha bila leseni kumewekwa pia katika makosa yaliyo chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, ambayo adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Jirani yako atashtakiwa kwa kukutwa nayo, na wewe utatakiwa kueleza ilitokaje nyumbani kwako.

Turudi kwenye bei. Huku kwetu hakuna mkulima anayepangiwa bei ya korosho kabla hazijapimwa. Unafika ghalani, zinapimwa uzito, zinapimwa unyevu, zinakatwa kuangaliwa ndani, ndipo zinapewa daraja. Ganda zuri la nje halimdanganyi mtu. Cha kushangaza, mkulima huyohuyo akiwa na bunduki mkononi anataja bei kwa kutazama ganda: jina la kiwanda, umri wa silaha, nakshi za pembeni. Thamani ya bunduki ya marisau iliyotumika imo ndani ya mtutu na pale mtutu unapofungana na mwili.

Mtutu utazamwe bunduki ikiwa haina risasi, imefunguliwa, na mitutu imetolewa. Elekeza mtutu kwenye mwanga wa mlangoni, utazame kwa ndani. Ulio mzima unaonyesha duara za mwanga zilizo kamili, moja ndani ya nyingine, mpaka mwisho. Duara ikivunjika upande, mtutu umebonyea hapo. Ukiona madoa meusi kama ya ndui, hiyo ni kutu iliyokwishachimba, na kuisugua hakurudishi chuma kilicholiwa. Mashimo yaliyo karibu na mdomo ni hasara ndogo. Yaliyo karibu na chemba, risasi inapolipukia, ni hasara kubwa na mara nyingine ni mwisho wa silaha.

Pwani yetu inakula chuma. Bunduki iliyokaa Mikindani au Kilwa Kivinje na ile iliyokaa Nachingwea, hata zikiwa za mwaka mmoja, hazilingani. Hewa ya chumvi peke yake ingetosha, lakini sisi wenyewe tunaongeza. Kuna wanaopaka mafuta ya nazi ndani ya mtutu. Yanaganda, yananata, yanashika vumbi na unyevu. Kuna wanaoihifadhi miaka ndani ya ala ya ngozi, ambayo inafyonza unyevu na kuulaza juu ya chuma. Na kuna wanaosugua kwa msasa wiki moja kabla ya kuuza ili ing'ae. Msasa unapunguza unene wa mtutu na unafifisha alama. Nikiona mikwaruzo ya msasa huwa najiuliza inaficha nini, na mnunuzi makini atajiuliza vivyo hivyo.

Alama nazo zina maana kwenye bei. Chini ya mitutu, karibu na bawaba, kuna mihuri ya majaribio iliyogongwa London, Birmingham, Liège, Saint-Étienne au kwingineko silaha ilikofanyiwa majaribio ya nguvu. Humo utakuta namba ya ukubwa wa tundu. Na hapa kuna kosa jingine la kila siku: watu wanadhani 16 ni kubwa kuliko 12. Ni kinyume chake. Namba 12 maana yake ni kwamba ratili moja ya madini ya risasi, yaani gramu 454, ikigawanywa kuwa tufe 12 zilizo sawa, tufe moja ndiyo inayotosha tundu hilo, lenye kipenyo cha kama milimita 18.5. Namba 16 ni kama milimita 16.8, na 20 ni 15.6. Risasi za 12 ndizo rahisi kupatikana, hivyo bunduki ya 16 lazima iuzwe kwa bei pungufu hata ikiwa safi, kwa sababu anayeinunua ananunua pia taabu ya kutafuta risasi zake.

Tazama pia urefu wa chemba. Bunduki nyingi za Kiingereza za zamani zina chemba ya milimita 65. Risasi nyingi za sasa ni za milimita 70. Ile ya 70 itaingia vizuri tu kwenye chemba ya 65, na hapo ndipo hatari ilipo: mdomo wa ganda la risasi unapofunguka wakati wa kufyatua unakosa nafasi, na msukumo ndani ya mtutu unapanda kupita kiasi. Bunduki za Kirusi za Baikal, kwa mfano ya mtutu mmoja ya IZh-18, kwa kawaida zimeandikwa 12x70 kwenye chuma, yaani tundu la 12 na chemba ya milimita 70, na ndiyo maana bunduki isiyo na fahari yoyote inaweza kustahili bei kubwa kuliko ya Birmingham yenye nakshi za ndege. Zile zenye mitutu ya chuma kilichosokotwa, inayoonekana kama mistari ya mkeka, zilitengenezwa enzi za baruti nyeusi. Hazifai kwa risasi za sasa. Usiziwekee bei ya silaha ya kufanyia kazi.

Kisha bawaba. Funga bunduki, itazame kwa ubavu kuelekea kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya kati ya mtutu na mwili, bawaba imechoka. Kama ina mitutu miwili, ining'inize mitutu peke yake kwenye kidole, uigonge kwa kifundo: ikilia kama kengele, mkanda unaoishikanisha umeshika, ikitoa mlio mfu, umeachia. Kitako kipasuke, fundi wa silaha mwenye kibali atakitengeneza kwa fedha unayoweza kuihesabu. Mtutu ukiliwa, hakuna fundi wa kuujaza. Na aliyeupeleka mtutu kwa mchomeleaji wa mageti asitaje bei yoyote. Bunduki hiyo isifyatuliwe tena.

Mwaka mmoja mzee mmoja kutoka upande wa Tandahimba aliniletea bunduki ya mitutu miwili, imefungwa kwenye kipande cha shuka. Kitako kilikuwa cheusi tititi. Alikuwa amekipaka mafuta ya maganda ya korosho ili mchwa wasikiguse, na kweli hawakukigusa. Alitaka shilingi milioni mbili na nusu. Nikamwambia, "Mzee wangu, kabla ya hiyo bei, njoo utazame mwenyewe." Akafumba jicho moja, akatazama mtutu wa kulia, kisha wa kushoto. Akarudia wa kushoto. "Huu una nini?" Nikamwonyesha mashimo, kama shibiri moja kutoka kwenye chemba. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi tuhesabu."

Tulihesabu hivi, na ndivyo ninavyomshauri kila mtu. Fedha hizi ni za mfano tu, ulizia za wakati wako kwa muuzaji mwenye kibali. Tuseme bunduki mpya inayofanana na yako inauzwa 3,000,000. Iliyotumika na kutunzwa vizuri, mimi naianzia nusu, 1,500,000. Mashimo kwenye mtutu mmoja, toa 300,000. Kitako kinachohitaji kusafishwa na kuzibwa ufa, toa gharama halisi ya fundi, tuseme 150,000. Inabaki 1,050,000. Taja 1,150,000 ili mwenzako naye apate pa kupunguza, maana hakuna Mswahili anayenunua bila kuomba apunguziwe. Ukimuuzia mfanyabiashara wa silaha mwenye kibali atakupa pungufu ya hapo. Naye ana kodi, ana ghala la kulinda, na anaweza kukaa nayo muda mrefu. Wanaoruhusiwa kununua ni wachache, na bei inalifuata soko hilo dogo.

Bei mliyokubaliana ndiyo iandikwe kwenye hati ya mauziano, yote. Wanaoandika laki tatu wakapokeana milioni wanajinyima ushahidi siku kibali kikikataliwa na fedha zikatakiwa kurudishwa. Namba ya silaha kwenye chuma ilingane na iliyo kwenye leseni, herufi kwa herufi. Iliyofutwa au kugongwa upya haina bei, ina mashtaka.

Warithi, bunduki ya marehemu haigawanywi kama mikorosho. Ipelekeni kituo cha polisi kwanza, mpewe maandishi, kisha mwenye kuomba leseni aombe au utaratibu wa kuiuza ufuatwe ikiwa huko huko. Msiitaje bei kwenye kikao cha arobaini.

Unapokuja kukaguliwa, njoo na leseni halisi, si kivuli. Bunduki iwe imefunguliwa na kufunikwa, risasi ziwe kwenye mfuko mwingine, na usipitie sokoni. Mzee wa Tandahimba alikuja hivyo mara ya pili, na mnunuzi wake akiwa na kibali mkononi. Walikuwa wameafikiana shilingi laki tisa na themanini. Kabla ya kutia dole gumba kwenye hati, alimpa yule kijana mtutu wa kushoto, akamgeuza uso kuelekea mlangoni, akamwambia, "Anza kutazama huu."