Vipimo vya Jeni na Tiba ya Saratani ya Utumbo Mpana: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana anapoambiwa na daktari kwamba inafaa apimwe jeni, mara nyingi familia huyapokea maneno hayo kama tuhuma dhidi ya ukoo. Watu huanza kuulizana ugonjwa umetoka upande wa baba au wa mama, na wapo wanaohofia kwamba habari zikienea, watoto watakosa wachumba. Hofu hiyo inatokana na kuchanganya mambo mawili. Kuna jeni ambazo mtu amezaliwa nazo, zilizo katika kila seli ya mwili wake na anazoweza kuwarithisha wanawe. Na kuna mabadiliko ya jeni yaliyotokea ukubwani ndani ya uvimbe peke yake, ambayo hayakurithiwa na hayatarithishwa. Vipimo vingi vinavyomwongoza daktari kuchagua dawa hutazama haya ya pili, na hufanywa kwenye kipande cha uvimbe ambacho tayari kimeshakatwa. Saratani za utumbo mpana zinazotokana moja kwa moja na jeni ya kurithi ni kama asilimia 5 hadi 10 tu ya zote.

Dhana nyingine ni kwamba mabadiliko ya jeni yakionekana, basi dawa ya kisasa imepatikana. Kwa jeni za KRAS na NRAS, mara nyingi ukweli ni kinyume chake. Dawa za cetuximab na panitumumab huziba kipokezi kilicho juu ya seli, kile kinachoiamuru seli ijigawe. Lakini KRAS au NRAS ikiwa imebadilika, amri hiyo hutolewa kutoka ndani ya seli bila kukisubiri kipokezi, kwa hiyo kukiziba peke yake hakusaidii kitu. Takriban nusu ya wagonjwa ambao saratani yao imesambaa wana mabadiliko hayo. Kabla tafiti za mwaka 2008 na kuendelea hazijalithibitisha jambo hili, wengi walipewa dawa hizo wakaambulia gharama na vipele vikali vya ngozi bila faida yoyote. Kwa sababu hiyo, naona si haki kumwuzia mgonjwa cetuximab kabla majibu ya jeni hizi hayajarudi. Hata asiye na mabadiliko hayo hufaidika kidogo sana akianzishiwa dawa hizo ikiwa uvimbe wake ulianzia upande wa kulia wa utumbo.

Wengi pia huamini kwamba kila kipimo cha aina hii ni cha mashine kubwa za ng'ambo na kwamba mtu wa kawaida hakiwezi. Kipimo ambacho mimi ningesisitiza kisikosekane kwa mgonjwa yeyote hufanyika katika maabara ya patholojia, kwa kupaka rangi maalumu kwenye vipande vyembamba vya uvimbe vilivyo juu ya kioo, kwa mbinu ileile inayotumika kupima vipokezi vya homoni katika saratani ya matiti. Kinachotafutwa ni protini nne, MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2, ambazo kazi yake ni kusahihisha makosa yanayotokea seli inaponakili vinasaba vyake. Moja ikikosekana, makosa hurundikana. Hali hiyo huonekana katika asilimia 15 hivi ya saratani zote za utumbo mpana, na katika asilimia 4 hadi 5 ya zile zilizokwisha kusambaa.

Jibu la kipimo hiki kimoja hubadilisha mambo mengi. Mgonjwa wa hatua ya pili ambaye uvimbe wake umekosa mojawapo ya protini hizo kwa kawaida huwa na matumaini mazuri baada ya upasuaji, na dawa ya fluorouracil ikitolewa peke yake haimwongezei kitu, hivyo anaweza kuepushwa na tibakemikali asiyoihitaji. Aliyesambaa ugonjwa hufikiriwa dawa zinazoamsha kinga ya mwili: katika utafiti wa KEYNOTE-177, uliochapishwa mwaka 2020, nusu ya waliopewa pembrolizumab walipitisha miezi 16.5 bila ugonjwa kusonga mbele, ilhali kwa waliopewa tibakemikali muda huo ulikuwa miezi 8.2. Dawa hiyo bado ni ghali mno kwa wengi wetu, nami silifichi hilo.

Hapa ndipo suala la ukoo linaporudi, na linahitaji uangalifu. Kukosekana kwa MLH1 si uthibitisho kwamba mtu amerithi sindromu ya Lynch, yaani hali ya kuzaliwa na hitilafu katika jeni za protini hizo za kusahihisha makosa, kwa kuwa mara nyingi jeni inayoitengeneza MLH1 imezimwa ndani ya uvimbe tu. Mabadiliko ya jeni ya BRAF yaitwayo V600E yakionekana katika uvimbe pamoja na kukosekana huko, urithi huwa jambo la mbali. Lakini kipimo cha damu kikithibitisha Lynch, ambayo ni kama asilimia 3 ya saratani hizi, kila mtoto na kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa nayo, na anayejijua anaweza kuanza kuchunguzwa utumbo kwa kamera mapema, ugonjwa ukazuiwa au ukakamatwa ungali mdogo. Kuificha habari hiyo kwa kuogopa aibu ni kuwanyima ndugu nafasi ya kuishi.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni kwamba jeni za mgonjwa mwenyewe nazo huamua kama dawa itamdhuru. Fluorouracil na kapesitabini, ambazo ndizo msingi wa tibakemikali ya utumbo mpana, huvunjwavunjwa mwilini na kimeng'enya kinachotengenezwa kwa maelekezo ya jeni ya DPYD. Kikiwa hafifu, dozi ya kawaida inaweza kuleta kuharisha kukubwa, vidonda vya kinywa, kushuka kwa chembe nyeupe za damu, na hata kifo. Tangu 2020, mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya inapendekeza kipimo kifanywe kabla ya kuanza dawa. Lakini mabadiliko manne yanayopimwa kwa kawaida yalichaguliwa hasa kutokana na tafiti za Wazungu, na badiliko liitwalo c.557A>G, linalopatikana kwa takriban asilimia 3 hadi 5 ya watu wenye asili ya Afrika, halimo katika vipimo vingi. Kwa hiyo Mwafrika aliyeambiwa kwamba DPYD yake haina shida anapaswa kuuliza ni mabadiliko yapi yaliyopimwa. Pasipo kipimo, kuharisha kukali au homa baada ya mzunguko wa kwanza wa dawa kusipuuzwe. Mgonjwa arudi hospitali siku hiyohiyo.

Wapo pia wanaotarajia kipimo kiwaambie kama watapona. Hakuna kinachoweza hilo. Kipo kipimo kinachotazama jeni 12 za uvimbe na kukadiria hatari ya ugonjwa kurudi, lakini hakisemi kama tibakemikali itamsaidia mtu fulani.

Vipimo vyote vya uvimbe hutegemea namna nyama ilivyotunzwa tangu chumba cha upasuaji. Inatakiwa iwekwe mapema katika formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, ikae humo kati ya saa 6 na 72, kisha ihifadhiwe ndani ya nta. Ikiachwa kwenye chupa kwa wiki kadhaa familia ikitafuta fedha za maabara, vinasaba hukatikakatika na majibu hayapatikani. Ikitunzwa vizuri, bloku hiyo ya nta inaweza kupimwa hata baada ya miaka, bila mgonjwa kukatwa tena. Kwa hiyo anayehamishiwa hospitali ya Ocean Road, ya Kenyatta au kwingineko aombe aende na ripoti ya patholojia pamoja na bloku yenyewe, na ahakikishe namba zilizoandikwa juu ya hivyo viwili zinafanana.