Mrija wa kifuani na chupa ya maji: matatizo ya vifaa baada ya upasuaji wa pafu

Mtu aliyepasuliwa pafu hutoka chumba cha upasuaji akiwa na mrija mmoja au miwili ubavuni, unaoshuka mpaka kwenye chupa yenye maji chini ya kitanda. Tunaposema matatizo ya vifaa tunamaanisha yale yanayoletwa na mrija huo, chupa, viungio na mshono unaovishikilia, mbali na ugonjwa wenyewe na mkato wa daktari. Mengi kati ya hayo huonekana kwa macho mapema, na anayemuuguza mgonjwa anaweza kuyaona kabla ya nesi kupita, mradi ajue kuyasoma maji.

Mkazi wa Tanga anayehitaji kukatwa sehemu ya pafu kwa kawaida hupelekwa Dar es Salaam. Hata hivyo mrija wenyewe si mgeni Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga. Huwekewa mwenye usaha kifuani, aliyevunjika mbavu kwa ajali ya bodaboda, au mgonjwa wa kifua kikuu ambaye pafu limetoboka. Kanuni za kuutunza ni zilezile.

Pafu halina misuli ya kujikunjua. Limekaa wazi kwa sababu mgandamizo katika nafasi nyembamba kati yake na ukuta wa kifua ni mdogo kuliko wa hewa ya nje. Kifua kikifunguliwa, hewa huingia pale na pafu hunywea. Mrija hutoa hewa hiyo pamoja na damu na majimaji, na maji ya chupani huizuia hewa isirudi. Ncha ya mrija huzama sentimita 2 tu chini ya maji. Daktari Gotthard Bülau wa Hamburg alianza kutumia njia hii mwaka 1875, na mpaka leo msingi wake haujabadilika.

Kipimo hicho cha sentimita 2 kina sababu. Ncha ikiwa juu ya maji, hewa inaingia kifuani moja kwa moja. Ikizama sana, hewa ya kifuani inashindwa kuyasukuma maji ili itoke. Ndiyo maana chupa moja inayopokea damu na majimaji kwa wingi lazima ibadilishwe: kila kinachoingia kinazidi kuizamisha ncha. Chupa ibandikwe plasta yenye mstari wa kiwango cha kuanzia, tarehe na saa. Kosa la kawaida ni kuyahesabu maji yaliyowekwa mwanzoni kama majimaji ya mgonjwa.

Sasa tazama maji ndani ya mrija. Mgonjwa anayepumua mwenyewe akivuta pumzi, maji hupanda, akitoa, hushuka. Hiyo ni dalili kwamba njia iko wazi. Yakiacha kucheza, ama pafu limekunjuka lote, ama mrija umeziba. Eksirei na hali ya mgonjwa ndivyo vinavyotenganisha haya mawili. Mgonjwa anayehema kwa shida huku maji yametulia tuli achukuliwe kuwa mrija wake umeziba mpaka ithibitike vinginevyo. Anza na la rahisi: huenda ameulalia mrija, au umejikunja kwenye chuma cha kitanda, au umening'inia kama kitanzi na majimaji yamejaa pale chini. Kuukamua mrija wote kwa nguvu ili kutoa bonge la damu hatukushauri, kwa kuwa kunaleta mvuto mkali unaoweza kuumiza pafu.

Viputo vya hewa ni habari nyingine. Siku za kwanza baada ya upasuaji, viputo wakati wa kukohoa ni vya kawaida, maana sehemu ya pafu iliyoshonwa huvujisha hewa kidogo. Vikiendelea zaidi ya siku 5, madaktari huita huko kuvuja kwa muda mrefu na hubadili mpango. Lakini viputo vingi visivyokoma, vinavyoanza ghafla, mara nyingi hutoka kwenye vifaa: kiungio kimelegea, au mrija umeteleza nje hadi tundu lake la mwisho likatoka kifuani. Nesi au daktari huubana mrija kwa sekunde chache karibu na kifua. Viputo vikikoma, hewa inatoka kwa mgonjwa au pale jerahani. Vikiendelea, tafuta kwenye viungio.

Kubana huko ni kwa sekunde chache tu, na kwa mkono wa anayejua. Mrija unaotoa viputo usibanwe ukaachwa, hata kama mgonjwa anapelekwa eksirei. Hewa inayovuja kwenye pafu itakosa pa kutokea, itajikusanya, italisukuma pafu na moyo upande wa pili, na mgonjwa anaweza kufa kwa dakika chache. Tunalitilia mkazo kuliko jambo jingine lolote hapa, kwa sababu aliyebana kwa kawaida alidhani anamlinda mgonjwa. Aliyeondolewa pafu zima ana utaratibu wake wa kubana na kufungua, ambao daktari wake mpasuaji huuandika kwenye faili.

Mrija ukichomoka kwenye chupa, tumbukiza ncha yake sentimita 2 ndani ya maji safi ya dripu, kisha ita msaada. Ukichomoka kifuani, funika tundu kwa gauzi, bandika plasta pande tatu na uache upande mmoja wazi ili hewa itoke, kisha daktari aitwe mara moja. Chupa ikipinduka, isimamishe, hakikisha ncha imezama, mwambie mgonjwa akohoe.

Chupa ikae chini ya kifua wakati wote, hata wakati wa kwenda chooni. Ikiinuliwa juu, maji hurudi kifuani. Kwa safari ya Tanga kwenda Dar kwa gari la wagonjwa, iwekwe sakafuni ikiwa imefungwa isiyumbe, na mrija uachwe wazi. Matuta ya njiani hulegeza viungio, kwa hiyo vikaguliwe kabla ya kuondoka na kila gari linaposimama.

Damu inayozidi mililita 200 kwa saa, kwa saa mbili au zaidi mfululizo, ni ya kumwamsha daktari mpasuaji hata usiku wa manane. Majimaji meupe kama maziwa, hasa mgonjwa akianza kula vyakula vya mafuta, yaonyesha mshipa wa limfu, unaobeba majimaji ya mwili na mafuta ya chakula, umejeruhiwa. Ngozi inayovimba na kutoa mchakacho ikibonyezwa ina hewa chini yake; ikipanda shingoni na usoni, mrija ukaguliwe haraka. Homa, wekundu na usaha kwenye tundu ni maambukizi, na hatari yake huongezeka kadiri mrija unavyokaa.

Maumivu nayo ni tatizo la kifaa, ingawa hudharauliwa. Mrija husugua mishipa ya fahamu kati ya mbavu, mgonjwa huogopa kuvuta pumzi ndefu na kukohoa, makohozi hubaki, na nimonia hufuata. Apewe dawa ya maumivu kwa saa zake bila kungoja alie, kisha akae kitako na akohoe huku amekumbatia mto ubavuni.

Mrija huondolewa pafu likiwa limekunjuka kwenye eksirei, hewa imekoma kuvuja, na majimaji ya saa 24 yamepungua. Hospitali nyingi hutumia kiwango cha chini ya mililita 200 hadi 300. Mgonjwa hubana pumzi, mrija huvutwa kwa mkupuo mmoja, mshono ulioachwa tayari hukazwa papo hapo. Akianza kuhema saa chache baadaye, apigwe eksirei nyingine. Na wale wa Tanga wanaoishi kwa kuzamia pweza na majongoo bahari wasirudi majini kabla ya kuchunguzwa na daktari wa kifua: hewa iliyonaswa pafuni hutanuka mtu anapopanda juu, na wengi wataambiwa waache kuzamia kabisa.