“Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba”: je, ni andiko?

Msibani utalisikia. Mama amekaa kwenye mkeka, upindo wa kanga umelowa machozi, mtu anamwinamia na kumwambia maneno hayo. Kwa nia njema kabisa. Lakini Biblia haisemi hivyo. Andiko linalodhaniwa kusema hivyo, 1 Wakorintho 10:13 la mtume Paulo, linahusu kujaribiwa: Mungu hufanya mlango wa kutokea, tusianguke dhambini. Kuhusu mizigo, Paulo huyohuyo aliandika kwamba kule Asia “tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi” (2 Wakorintho 1:8). Mtume mzima! Hapo ndipo alipojifunza kutojitumainia nafsi yake, bali Mungu awafufuaye wafu. Kwa hiyo, mpendwa, kulemewa si kupungukiwa imani. Mwambie Bwana wazi kwamba umeshindwa. Na yule mama, kaa naye mkekani, umshike mkono.