Nyota zimerefuka kwenye picha? Usikimbilie kununua maunti mpya

Watu wengi wanaopiga picha za anga kwa darubini wakiona nyota zimekuwa kama mayai wanasema moja kwa moja "maunti mbovu hii" (maunti ni kile kishikio chenye mota kinachobeba darubini na kuizungusha ifuate anga), na hapo hapo wanaanza kuulizia bei ya nyingine. Jamani ngoja kwanza. Piga picha ya sekunde 2, sehemu ile ile ya anga, uilinganishe na ile ya dakika 3. Kama ya sekunde 2 nyota ni duara na ya dakika 3 zimerefuka zote upande mmoja, katikati mpaka kwenye kona, hapo sawa, ni maunti haifuati anga vizuri, au upepo, au waya wa kamera unavuta. Kama hata ya sekunde 2 zimeharibika, acha maunti ya watu, angalia vioo na lenzi.

"Grafu ya gaidingi imetulia, kwa hiyo mhimili umelengwa sawa." Hii ndo inayopoteza watu usiku mzima! Gaidingi, yaani kamera ya pili inayoirekebisha maunti wakati unapiga, inashika nyota moja isihame, basi, lakini mhimili wa maunti ukikosea ncha ya anga, pale anga yote inapoonekana kuzunguka, picha nzima inajizungusha taratibu kuizunguka nyota ile, na nyota za mbali nayo zinachora vipinde. Kwetu hili ni zito zaidi, maana ukiwa Dar, kama digrii 7 kusini mwa ikweta, Polaris, nyota ya ncha ya kaskazini, huioni kabisa, na Sigma Octantis, ile ya ncha ya kusini, ni hafifu halafu iko chini sana, inamezwa na ukungu na taa za mji. Kwa hiyo zima gaidingi, chagua nyota iliyo juu karibu na ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia), itazame inateleza kaskazini au kusini, sogeza maunti kushoto au kulia mpaka itulie, kisha rudia na nyota iliyo chini mashariki, safari hii unapandisha au kushusha.

Wengine wanasema nyota za kona zikiwa na mkia basi kolimesheni, yaani mpangilio wa vioo kuelekeana sawa, imeharibika. Si lazima. Newton (darubini ya vioo) ya f/5 hata ikolimetiwe vizuri vipi ina koma pembeni, yaani nyota zenye mkia, inataka korekta, lenzi ya kurekebisha hilo, na korekta inataka umbali wake kamili mpaka kwenye sensa, mara nyingi milimita 55, na ukiweka filta ya milimita 3 ongeza kama milimita 1. Mkia ukiwa hadi katikati ya picha, hapo ndo ushike skrubu za kolimesheni.

Kona moja tu mbovu? Kuna kitu kimeinama. Zungusha kamera nyuzi 90: ubaya ukibaki kona ile ile ya picha, ni kamera au adapta zake, ukihama ni fokasa (sehemu ya darubini unayosogeza kupata picha kali) au darubini yenyewe.

Nyota za pembe tatu, legeza vile vibano vitatu vya kioo kikubwa, karatasi ipite chini yake bila kukwama.

Na ile miali minne ya msalaba kwenye Newton wala si ugonjwa, inatokana na vyuma vinavyoshika kioo kidogo, iache.