Lekker ya Waholanzi haiishii mdomoni

Wanafunzi wangu wanaojifunza Kiholanzi wakikutana na neno lekker wanaandika pembeni "tamu, ya chakula" halafu wanasonga mbele, na hapo ndo shida inapoanzia, maana wakifika Amsterdam mtu anawaambia lekker weer, yaani hali ya hewa nzuri, huku anaangalia jua na wao wanabaki wanashangaa hali ya hewa inaliwaje.

Kiasili ni neno la mdomoni kweli. Limetokana na kitenzi cha kulamba, lecken kwenye Kiholanzi cha zamani, siku hizi likken. Wajerumani nao wana lecker yao ila kwao imebaki zaidi kwenye msosi. Waholanzi wao wameisambaza kila mahali: ukiamka asubuhi unaulizwa lekker geslapen?, yaani umelala vizuri?, ukipiga baiskeli mdogomdogo bila presha hiyo ni lekker fietsen, na mgeni akiingia anaambiwa ga lekker zitten, yaani kaa kwa raha zako, wala hakuna anayesifia kiti. Likikaa na kitenzi hivi utamu wa ulimini haupo tena, linasema mtu amejiachia na hakuna anayemkimbiza. Hii ndo matumizi ninayoisisitiza sana darasani kwa sababu ndo utakayoisikia kutwa nzima.

Sasa likanushe uone. Ik voel me niet lekker ni sijisikii vizuri, unaweza kumpigia bosi asubuhi ukamwambia hivyo na ataelewa unaumwa. Lakini ben je niet lekker? kwa sauti ya ukali ni "una wazimu wewe?", kwa hiyo sikiliza sauti kabla hujajibu. Na basi la abiria likikuacha ukiwa umebakiza hatua chache utasikia mtu anasema lekker dan!, hapo ni kejeli tupu.

Kisarufi halisumbui: supu ni lekkere soep, ila likielezea kitenzi halichukui hiyo e ya mwisho, na kulinganisha ni lekkerder, d usiisahau.

Afrika Kusini lilifika na Waholanzi waliopiga kambi Cape mwaka 1652, na kwenye Kiafrikana, lugha ya huko iliyotokana na Kiholanzi, limenoga zaidi, pipi zinaitwa lekkergoed.

Kitu kimoja nawaomba jamani, lekker ding ni kumsifia mtu kwa mwili wake, usimwambie mfanyakazi mwenzio hata kama umesikia vijana wanaitana hivyo mtaani.